Mizunguko ya Jioni

Kila nikiamka siku hizi, kitu cha kwanza ninachokisikiliza ni njia. Njia yetu inapita nyuma ya zizi, inashuka mpaka kijitoni, halafu inapanda upande wa pili kwenda sekondari. Zamani, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, nilikuwa nasikia miguu ya binti yangu wa tatu ikishuka njia hiyo. Kutembea alikuwa hajui. Alikuwa anakimbia. Ardhi ya Mbulu asubuhi inakazwa na baridi, kwa hiyo mlio wa miguu ulinifikia mpaka ndani ya blanketi. Nikisikia hivyo najua nyumba iko salama, nalala tena kidogo. Sasa hivi inapita pikipiki. Watoto wanapakiwa watatu watatu kwenda shule, na wakifika wanasema wamechoka.

Niseme mapema mimi ni nani, mtu asije akadhani anamsoma msomi. Niliishia darasa la nne. Baba alinitoa nikachunge, nami sikulia sana, kwa sababu shuleni nilipenda kitu kimoja tu, mchakamchaka. Asubuhi tulikimbia kwa mistari tukiimba, na walimu walikuwa mbele yetu, siyo pembeni na fimbo. Mwalimu wa hesabu alikuwa na tumbo, lakini alikimbia. Hesabu zake nimezisahau zote. Mgongo wake ukitoa mvuke kwenye baridi naukumbuka mpaka leo.

Miguu hiyo ndiyo iliyonifanya mtu. Biashara ilipofunguliwa, mwananchi akaruhusiwa kununua na kuuza bila kuandamwa, wenzangu walikaa wakisubiri kupata lori. Mimi niliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka huku Bashay, napita Dongobesh, natokea mnadani Katesh. Ng'ombe akikutoroka porini humkimbilii kesho, unamkimbilia hapo hapo. Baadaye nikalima vitunguu saumu, nikajenga nyumba ya bati, nikanunua trekta. Hakuna aliyenipa. Wapo wanaosema nina majivuno. Wanasema kweli.

Sekondari ilipojengwa ng'ambo ya kijito, wananchi tulibeba mawe, na trekta langu ndilo lililosawazisha uwanja. Sikuitwa, nilikwenda mwenyewe. Nilitaka watoto wapate mahali pa kukimbia kama nilivyokimbia mimi, lakini wao waendelee mpaka mwisho wa masomo. Ilikuwa miaka ile tulipokatwa kutoka Arusha tukaambiwa sasa ninyi ni Manyara. Kila kitu kikawa kipya, mpaka mihuri. Kila kiongozi alitaka mkoa wake mpya uonekane, na njia waliyoiona ya mkoa kuonekana ilikuwa matokeo ya mitihani. Mashindano ya michezo ya mashule yalikuwa yamesimamishwa, ikasemwa yanakula muda wa masomo. Mchakamchaka nao ukafa kimyakimya, hakuna hata aliyeuzika.

Binti alipokuwa kidato cha pili, nilimuuliza jioni moja tukiwa jikoni.

"Leo mmesoma nini?"

"Hesabu, Kiingereza na michezo."

Nikafurahi. "Michezo gani?"

"Netiboli, Baba."

"Mmeshinda au mmefungwa?"

"Tumeandika."

"Mmeandika nini?"

"Urefu wa goli. Na idadi ya wachezaji."

"Na mpira?"

"Mpira Madam ameuchora ubaoni."

Mama yake alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi sikucheka. Nilikwenda nje nikasimama mlangoni pa zizi, nikautazama ule upande wa shule. Nilisawazisha uwanja mzima kwa ajili ya mpira wa chaki?

Huyo Madam simlaumu. Alikuwa binti mdogo tu, ametoka chuoni, na michezo alikuwa ameisomea. Wiki yake ya kwanza alivaa suruali ya michezo akatoka na wanafunzi uwanjani. Kinamama kisimani walimzungumzia wiki nzima. Mwalimu mwenzake akamwambia mbele ya watoto, "Madam, umekuja kufundisha au umekuja kucheza?" Basi akairudisha suruali sandukuni, akashika chaki. Vipindi vya michezo vilivyobaki, vingine mwalimu wa hesabu alivichukua vikawa vyake, na vingine watoto walikwenda kutafuta kuni za jikoni la shule.

Lakini kukimbia kulibaki shuleni kwa namna moja. Aliyechelewa alikimbizwa kuzunguka uwanja. Aliyeongea darasani alikimbizwa. Aliyeongea Kiswahili siku ya Kiingereza, naye akaenda akakimbie. Nadhani hilo ni kosa la mtu anayefundisha huku bila kututazama miguu. Unampa mtoto wa Mbulu adhabu ya kukimbia! Ni sawa na kumwadhibu bata kwa kumtupa bwawani.

Ndipo mkuu wa shule akanitumia mlinzi wake. Mlinzi akafika, akapewa chai, akanywa yote, ndiyo akasema, "Mzee, unaitwa. Kuhusu binti."

"Kafanya nini?"

"Mimi nalinda geti tu, Mzee. Ila ujiandae."

Usingizi sikuupata vizuri. Mtu mwenye binti sekondari akiitwa shuleni, mawazo yake yanakimbilia sehemu moja, na wala sitaitaja. Asubuhi nikavaa koti langu la kanisani nikaenda.

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa kutoka mbali, wa nchi ya joto. Nilimkuta amevaa sweta, juu ya sweta koti, juu ya koti skafu ya mke wake. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, mpaka hapo heshima ilikuwa mahali pake. Madam alikaa kwenye benchi. Binti yangu alisimama ukutani, anaangalia viatu vyake.

"Mzee wangu, nyumbani kwako hakuna saa?"

"Ipo. Na jogoo yupo. Na mke wangu yupo, anawashinda wote wawili."

"Mbona huyu anachelewa kila siku?"

Nikamtazama binti. Huyu ninayemsikia akitoka kukiwa bado giza?

"Mwalimu, huyu anaondoka nyumbani ng'ombe hawajakamuliwa."

"Anafika hapa mstarini tumeshamaliza. Muulize Madam."

Madam akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli, Baba."

"Sasa sikiliza," mkuu akaendelea. "Wachelewaji tunawapa mizunguko ya uwanja. Wenzake wakikimbia wanashika mbavu, wanalia, kesho yake wanawahi. Huyu anakimbia leo, kesho anachelewa tena. Juzi unajua ameniuliza nini? Ananiambia, Mwalimu, naomba na ya kesho niimalize leo! Mzee, binti yako ananiharibia adhabu."

Nikamgeukia binti. Nilimuuliza kwa Kiiraqw, maana lilikuwa swali la nyumbani: unakuwa wapi? Yeye akajibu kwa Kiswahili, ili walimu nao wasikie. Hilo lilinipendeza hata kabla sijajua jibu.

"Nakuwa nyuma ya ua wa minyaa, Baba. Pale nje ya geti. Nasubiri kengele ilie."

"Unasubiri nini na geti liko wazi?"

"Ukiwahi unafagia. Ukichelewa unakimbia."

Madam alishika mdomo. Mimi moyo wangu ulijaa kitu ambacho sikukijua jina. Nikamwona akisimama peke yake kwenye umande kila asubuhi, anasikia wenzake wakifagia ndani, yeye anajificha ili aonekane mkosaji, kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine wa kuingilia ule uwanja. Uwanja wangu mimi!

Mkuu hakucheka. "Kuanzia kesho atapiga magoti kwenye changarawe. Akiendelea nitamrudisha nyumbani moja kwa moja, akakimbie huko na mbuzi."

Hapo binti akalia. Kurudishwa alikuwa amekusikia akatulia. Kilichomliza kilikuwa kile cha kwanza. "Mwalimu, magoti hapana. Nipe fimbo. Magoti hapana."

Nikaona kumekucha. Nisiposema neno, mtoto atapoteza mbio, au atapoteza shule. Au vyote. Lakini nilikuwa nimezeeka minadani. Mtu akikutajia bei kubwa huondoki, unavuta kiti.

"Mwalimu," nikasema, "kwa nini msiwaache tu wakimbie? Bila kosa?"

Akavua miwani. Nitasema haki yake, alizungumza na mimi kama mtu na mtu. "Mzee, mimi napimwa kwa matokeo. Tangu nifike hapa hakuna kiongozi aliyeniuliza nani anakimbia. Wanauliza sifuri ni ngapi. Nikiwatoa watoto uwanjani jioni, wazazi wenyewe watakuja hapa. Mmoja alikuja, wa kanisani kwenu, akasema hakuleta binti yake aje kurusha miguu. Mtoto akivunjika, mimi sina hata bendeji. Unafikiri sipendi? Chuoni nilikuwa winga wa kushoto. Miaka mingapi sijagusa mpira! Mpira haumo kwenye mtihani."

Alipotaja winga, sauti yake ilibadilika kidogo. Nikaishika hapo hapo.

"Basi mwadhibu."

"Si ndiyo nimesema, magoti."

"Hapana. Mwadhibu kwa kukimbia, lakini jioni, vipindi vikiisha. Asubuhi atawahi, atafagia. Jioni adhabu. Kila siku. Mimi mzazi nimeridhia."

"Kila siku? Kwa kosa gani?"

"Kosa utalitafuta wewe. Hamjawahi kukosa kosa."

Mkuu wa shule aligeukia dirishani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu kama zamani. "Madam atamsimamia. Na fimbo ashike, watu wakipita waone ni adhabu. Na hili liishie humu ndani."

"Limeishia," nikasema.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyotumikia adhabu mpaka kidato cha nne bila kosa hata moja.

Jioni zile, naomba mtu anirudishie moja tu. Nilikuwa nafika kwenye uzio wa shule, nikiulizwa nasema natafuta ndama. Ndama huyo hakuwahi kuzaliwa. Madam anasimama kwenye kona na fimbo yake, hajui aishike vipi, mara anaiegemea, mara anachorea chini. Binti anafunga sweta kiunoni, anavua viatu anavipanga pamoja kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, halafu anaondoka. Anaanza taratibu. Mzunguko wa pili kichwa kinatulia, mabega yanashuka, na unaanza kusikia pumzi yake ikienda sawa na miguu. Siku zisizo na ukungu mlima Hanang unaonekana mbali kule mwisho wa uwanja, na akipita pale unaona kama anaelekea mlimani na hatageuka. Halafu anageuka. Kila mara nilikuwa nashukuru kwamba amegeuka, na kila mara nilikuwa natamani asingegeuka, aendelee tu.

Baada ya muda mkuu wa shule naye akawa anatoka kwenye baraza jioni, amejifunga skafu yake. Anatazama mpaka mwisho, kisha anarudi kufunga ofisi.

Gharama tulilipa sisi, na tuliilipa kijijini. Nani aliyejua makubaliano? Watu waliona msichana anakimbizwa kila jioni na mwalimu ameshika fimbo. Siku moja baada ya kwaya mama mmoja akamfuata mke wangu.

"Mama, poleni na yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yule wenu wa adhabu. Kila siku jamani! Ameiba nini?"

Mke wangu hana maneno mengi, ila aliyonayo yanatosha. Akamjibu, "Ameiba pumzi zenu. Ndiyo maana mkipanda hapa kanisani mnahema kama mvukuto."

Nyumbani aliniambia, akiwa amekasirika kweli, "Huyu mtoto ataolewa na nani, na sifa hii?" Nikamwambia ataolewa na atakayeweza kumkamata. Akanirushia kata ya maji.

Kushindana hakushindana na mtu. Hapakuwa na mashindano, na yalipokuja kurudishwa yeye alikuwa ameshaondoka. Wengine wa huku wamekwenda wakakimbia mpaka nje ya nchi, nami nikiwasikia redioni nazima. Sizimi kwa wivu. Nazima kwa sababu nikifumba macho namwona wa kwangu, mguu mtupu, sweta kiunoni, anazunguka peke yake kwenye uwanja usio na hata mtu wa kupiga makofi, isipokuwa mzee mmoja mwenye ndama wa uongo.

Alifaulu. Akaenda chuo cha ualimu, akaolewa upande wa Hanang, akapangiwa shule huko huko Gitting. Madam alihamishwa. Mkuu wa shule naye alirudi kwao kwenye joto, akaniachia ile skafu, nikampa debe la vitunguu saumu. Uwanja wangu nusu yake sasa ni madarasa, na nusu shule inalima. Sawa. Madarasa yanahitajika.

Simu zilipofika mpaka kwetu nikawa namuuliza kila akipiga. "Bado unakimbia?"

"Nakimbizana na vipindi, Baba."

"Nakuuliza kukimbia."

"Baba, mama yupo? Nipe mama."

Mke wangu akanikataza. Akasema namuuliza mtoto habari ambazo hana. Nikaacha kumuuliza, lakini asubuhi nikiamka niliendelea kusikiliza njia. Nyonga yangu imeharibika, mimi mwenyewe sikimbii hata mvua ikininyeshea. Labda ndiyo sababu. Nilitaka kusikia mara moja tu kwamba kile kitu hakikuishia pale kwenye uwanja.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikwenda kumtembelea. Asubuhi nikasema twende wote shuleni kwako, nione unapofanyia kazi. Amenenepa vizuri, kama mama yake, na anavaa viatu vyenye kisigino kidogo. Wiki hiyo alikuwa mwalimu wa zamu. Tulipofika akachukua fimbo ofisini, akasimama getini, na mimi nikaletewa kiti pembeni. Kengele ikalia. Wachelewaji wakakusanyika, wamejikunyata.

"Uwanjani," akasema. "Mnajua wenyewe."

Wakaanza kuzunguka. Roho yangu ikashuka mpaka kwenye kile kiti. Nikajiambia, hata wewe? Nilipanda basi kuja kumtafuta binti yangu, nikamkuta mkuu wa shule.

Wengi walikimbia kama wanaokokotwa. Nyuma yao alikuwapo msichana mmoja mrefu, mwembamba, sweta kiunoni. Huyo hakushika mbavu. Alikuwa anawapita wenzake mmoja mmoja bila kuwatazama. Sketi yake ilikuwa imelowa umande mpaka juu ya magoti, na barabara ya shule ni kavu, nilikuwa nimeipita mwenyewe. Nikajua alikuwa amesimama wapi.

Nikamwambia binti yangu, "Yule mrefu hakuchelewa."

Hakugeuka. "Najua, Baba."

"Alikuwa kwenye majani anasubiri kengele."

"Najua. Ndiyo maana yeye huwa namwongezea." Halafu akapaza sauti ya ukali ambayo mimi sikuwahi kuisikia kwake. "Wewe mrefu! Unacheka nini? Ongeza miwili!"

Msichana akainamisha uso, lakini nilimwona. Akaongeza.

Tukamtazama wote wawili. Kisha nikasema, kwa sababu nimezoea kusema, "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Mizunguko yako."

"Baba! Na hivi viatu?"

"Vinavuliwa."

Akacheka, akatazama dirisha la walimu, ambako wenzake walikuwa wanakunywa chai. "Watasema mwalimu amechanganyikiwa," akasema. "Na nina kipindi, tena nimeshachelewa." Akaniachia fimbo niishike, akaenda zake kuelekea madarasani. Anatembea kama mtu mzima, vizuri, daftari kwapani. Mimi nikageukia uwanja ili asione uso wangu.

Madarasa ya kule yako nyuma ya tanki la maji. Alipolipita, akawa hanioni tena, na wale wa dirishani hawamwoni. Ardhi ya Gitting ni laini kuliko ya kwetu, lakini nilisikia miguu ikikimbia. Hatua chache tu, mpaka mlangoni.